JIBU KWA WANAOCHEKA KOFIA ZETU



Katika gazeti letu la mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa darasa la tano aliandika kwamba kikundi cha kufuma ni aibu kwa shule. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba wavulana wanaokaa nyuma ya kanisa siku ya Jumatano na sindano mkononi wanapoteza wakati, kwa sababu ile ni kazi ya wasichana na ya ma mama. La pili, kwamba kama tunataka kweli kusaidia watoto wa maternite, basi tuchange franga, twende Birere tununue kofia zilizo tayari, mambo yaishe. Hakunitaja kwa jina, lakini aliandika «hata kapita mwenyewe», na katika shule hii kapita mwenye kufuma ni mmoja tu. Basi ni mimi najibu.

Nilisoma maneno yake mara mbili. Nilikasirika kidogo, halafu ikapita, kwa maana jambo lake la pili ni zito, linastahili kujibiwa vizuri. Lile la kwanza ni jepesi. Tulimalize mbio.

Kufuma si kazi ya wanaume, anasema. Ndugu yangu, pita Birere siku yoyote. Kwenye baraza za maduka utaona nani amekaa mbele ya mashine ya kushona? Wanaume, baba za watu, wenye ndevu. Wanashona blauzi za ma mama, wanashona marinda ya watoto, na hakuna anayewacheka. Kwa nini? Kwa sababu wanalipwa. Kumbe sindano ikileta franga ni ya dume, isipoleta ni ya msichana! Hilo mimi silikubali. Huko Peru kuna ziwa Titicaca, lililo juu sana kuliko Kivu yetu, karibu mita 3,800. Katika kisiwa chake kimoja kinachoitwa Taquile, wanaofuma kofia ni wanaume. Wavulana wanaanza wakiwa wadogo, na UNESCO iliutangaza ufundi wa kisiwa hicho kuwa urithi wa watu wote mwaka 2005. Na kwa wale wasiotaka mfano mwingine ila wa Biblia, mtume Paulo alishona hema kwa mikono yake. (Naona mwenzangu atanijibu kwamba Tabitha wa Yopa alikuwa mama. Ndiyo. Lakini Petro alipofika, wale wajane walimwonyesha nini? Nguo alizowashonea.)

Yatosha. Nije kwenye jambo lenyewe.

Mimi sikujifunza kufuma hapa shuleni. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ile Jumamosi jioni, nilikuwa bado mtoto. Siku tano baadaye watu wa mitaa mingi waliambiwa watoke mjini, na sisi tulitoka kwa miguu kwenye barabara ya Sake, pamoja na watu wasiohesabika. Tulilala katika uwanja wa kanisa. Mnakumbuka wote yale matetemeko, yalivyokuwa yakirudi usiku na mchana. Karibu yetu alikuwa mama mzee mmoja, hatukumjua, naye hakutujua. Katika kikapu chake alikuwa amebeba sufuria, Biblia na sindano mbili za kufuma. Alipoona mdogo wangu anatetemeka kwa baridi, alivua sweta lake, akalikata mkono mmoja, akaanza kuufumua. Uzi alinipa mimi niuzungushe kwenye vidole. Kofia iliisha siku ya pili.

Nilimwuliza: «Na weye mama, hausikie baridi?»

Akajibu: «Mukono moja tu njo inasikia.»

Tulicheka. Ni mara ya kwanza tulicheka tangu kutoka Goma. Kisha akanionyesha jinsi ya kutia kitanzi kwenye sindano, kukipitisha na kukitoa, nami nikafuma kitambaa kibovu cha upana wa vidole viwili. Tulirudi mjini, na yule mama sikumwona tena.

Miaka ikapita, nikasahau. Halafu mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, dada yangu mkubwa alizaa kabla ya wakati. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Umeme ulikuwa umekatika, maji pia. Mtoto alikuwa na gramu 1,500. Nilipomwona mara ya kwanza niliogopa kumtazama, Mungu anisamehe. Katika maternite ile (siitaji, maana watu wake walifanya kazi kupita nguvu zao) kuvezi hazikuwa na moto. Mama Muganga alimwambia dada yangu avue blauzi, akamlaza mtoto kifuani pake na nepi tu, ngozi kwa ngozi, akawafunga wote wawili kwa kitenge. Halafu akageuka kwetu: «Kofia iko wapi?»

Hatukuwa nayo. Tulikuwa tumekimbia na sahani, na redio, na vitabu vyangu vya hesabu, lakini kofia hapana. Basi akatazama miguu yangu, akaniuliza kama nina soksi nyingine katika mfuko. Nilikuwa nayo, ya shule, safi kwa bahati nzuri. Akaikata, akaifunga fundo upande wa juu, akaivalisha kichwa cha mtoto. Ikamtosha kabisa. Soksi ya mguu wangu ilitosha kichwa cha mtu!

Huyo mtoto leo ana afya na anapasua madaftari yangu.

Baadaye nilirudi kwa yule Mama Muganga kumwuliza sababu, kwa maana sikuelewa kwa nini katika shida kubwa vile mtu anatafuta kofia. Alinieleza, na mengine nilisoma mwenyewe. Njia hii inaitwa ya kanguru, kwa jina la yule mnyama wa Australia mwenye kubeba mtoto mfukoni. Ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwa sababu kule pia kuvezi hazikutosha. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, basi joto nyingi inapotelea pale. Joto yake ikishuka chini ya digri 36.5, ameanza kupoa. Mtoto aliyepoa hanyonyi vizuri, na asiponyonya hapati nguvu ya kujipasha moto. Mwaka 2021 waganga walichapisha jaribio lililofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye uzito kati ya kilo 1 na karibu kilo 1.8. Katika wale waliowekwa kifuani mara moja baada ya kuzaliwa, walikufa 120 kwa kila 1,000 ndani ya siku 28. Katika wale waliongojeshwa kwanza mpaka watulie, walikufa 157. Kwa hiyo mwaka 2022 OMS ilishauri kwamba watoto hao wawekwe kifuani bila kungoja.

Angalieni vizuri: kinachosaidia hapo ni kifua. Kofia ni msaidizi wa kifua. Sitaki mtu aende kusema kapita ameandika kwamba uzi unaponya. Na hicho kifua si lazima kiwe cha mama saa zote. Dada yangu alipochoka, shemeji yangu alivua shati akambeba mtoto, saa nyingi, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki huku risasi zinasikika mbali. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba ile ni kazi ya wasichana.

Shule ilipofunguliwa tena nilizungumza na Bwana Mchungaji wa shule, naye akazungumza na Bwana Prefe, tukapewa ruhusa ya Jumatano. Tulikuwa saba, wasichana watano na wavulana wawili. Na hapa nikiri kosa letu, kwa sababu mwenzangu wa tano halijui, na angelijua angeandika vizuri zaidi.

Tulifuma kofia 20 kwa mwezi mmoja. Nzuri ajabu! Zilikuwa na rangi tatu, na utepe wa kufunga chini ya kidevu, na zingine na kile kitufe cha manyoya juu. Tulizipeleka maternite kwa wimbo. Mama Muganga alizipokea kwa mikono miwili, akatushukuru, akatuombea. Kisha akachukua moja, akaingiza ngumi yake ndani, na ngumi ikapotea.

«Batoto bangu, aksanti sana,» akasema. «Lakini hii ni ya kichwa ya nani? Batoto yangu ba hapa, kichwa yabo ni sawa na chungwa.»

Akatuonyesha kwa futi: sentimita 28, zingine 26. Akatuambia utepe hautaki, unaweza kumkaba mtoto. Kitufe hakitaki, mtoto akilazwa kinamsukuma shingo. Matundu ya mapambo yanapitisha baridi. Mshono uwe upande wa nje, kwa sababu ngozi ile ni laini kama utando wa yai. Na kila kofia ioshwe kwa sabuni na ikauke juani kabla ya kuletwa. Tulirudi na kofia zetu 20, na njiani hakuna aliyeimba. Tulikuwa tumejifurahisha sisi wenyewe. Tuliwapa watoto kile kilichotupendeza, hatukuuliza wanahitaji nini.

Hata wakubwa wanafanya kosa hilo. Huko Australia, katika kisiwa cha Phillip, mafuta ya meli yalimwagika baharini mwaka 2001 na kuchafua ndege wadogo wanaoitwa pengwini. Watu waliombwa kufuma visweta, ili ndege wasimeze mafuta kwa mdomo wanapojisafisha. Ilikuwa na maana. Lakini watu wa dunia nzima walipenda sana picha zile, wakaendelea kutuma visweta kwa maelfu, mpaka wenye kisiwa wakaomba waache. Vile vilivyozidi vinavalishwa pengwini wa kuchezea wanaouzwa dukani. Mtu alikaa jioni nyingi akifumia ndege, kumbe anafumia mdoli.

Sasa nije kwenye franga, jambo la pili la mwenzangu. Hapo ana haki nusu. Ukienda kununua uzi mpya, kofia moja tunayofuma inatugharimu kuliko ile iliyo tayari. Nilipiga hesabu na mweka hazina wetu, tukaona haya, tukafunga daftari. Lakini hatununui uzi mpya tena. Tunachukua sweta la mitumba lililotoboka, ambalo muuzaji analiacha kwa bei ya chini sana soko linapofungwa, au mama mmoja wa kanisa anatupa bure. Tunalifumua, tunauosha uzi, tunauanika na jiwe limefungwa chini ili unyooke. Sweta moja la mtu mkubwa lilitupa kofia 14. Sindano zetu ni reyoni za velo, tunazoomba kwa fundi, na ncha zake tunazisugua kwenye mawe ya volkano, ambayo Goma hatujakosa hata siku moja. (Chukudu ni fahari ya mji wetu, lakini kwa kazi hii haifai: magurudumu yake ni ya mti.) Mimi kwa reyoni zangu naanza na vitanzi 64, nafuma kwenda na kurudi, halafu napunguza vitanzi juu mpaka vibaki vichache, navikaza kwa uzi mmoja na kushona upande. Jioni tatu, kofia imekwisha.

Pia kulikuwa na jambo ambalo mwenzangu angelijua kama angetembea kwanza kabla ya kuandika. Tulizunguka Birere na soko la Virunga mchana mzima tukitafuta kofia ya sentimita 28. Tulipata za mtoto wa miezi mitatu, za miezi sita, zenye masikio ya sungura. Ya kichwa cha chungwa hatukupata. Muuzaji mmoja alituuliza kama ni ya mdoli.

(Onyo kwa wapya: uzi mwingi wa sweta hizo si manyoya ya kondoo, ni plastiki. Mwenzetu mmoja alitaka kupiga kofia pasi ili ipendeze. Iliyeyuka ikashikana na pasi ya makaa ya bweni la wasichana, na mpaka leo tunadaiwa pasi.)

Kuna jambo ambalo sikutaka kuandika, lakini nimelifikiri wiki nzima, na bila hilo jibu langu haliko kamili.

Safari ya tatu tulipeleka kofia 11. Zilikuwa za kipimo, Mama Muganga alitikisa kichwa kwa furaha. Tuliporudi baada ya majuma mawili tulimwuliza tu zimebaki ngapi, ili tujue ngapi za kufuma. Akatuambia: zimebaki mbili, na moja haitarudi. Palikuwa na mama kutoka upande wa Masisi, hana ndugu mjini. Mtoto wake aliishi siku mbili. Walipotaka kumvua mtoto kofia, yule mama aliuliza nani aliifuma. Wakamwambia, wanafunzi. Akauliza: «Banamujua mutoto wangu?» Wakamwambia, hapana. Alinyamaza. Halafu akaomba mtoto wake azikwe nayo.

Ilikuwa ya kijani. Mmoja wetu aliitambua kwa maelezo, kwa sababu upande wa kulia ilikuwa na kitanzi kimoja kilichopotea. Alitaka kuifumua aanze upya, na mimi nilimwambia aiache, tumechelewa.

Basi namwuliza mwenzangu wa tano: kofia hii iliponya nani? Hakuna. Je, ilikuwa kazi bure? Mimi nashindwa kusema ndiyo. Na sidhani yeye mwenyewe angeweza kusema hivyo mbele ya yule mama.

Tena kuna faida ya yule anayefuma, na hii naiandika kwa haya kidogo, maana kapita anatakiwa kuonekana hana woga. Baada ya ile Januari wengi wetu hatukulala vizuri. Mlango ukijipiga kwa upepo, bweni zima linaruka. Kwangu mimi, kuhesabu vitanzi kulinisaidia kuliko kuambiwa nisiogope. Mikono ikiwa na kazi yake, kichwa kinapumzika. Katika kikundi chetu yuko mdogo mmoja aliyekaa na wazazi wake katika zile kambi za wakimbizi zilizozunguka mji mpaka mwanzo wa 2025. Alikuwa hasemi darasani. Sasa ni yeye anatufundisha kupunguza vitanzi, na akikosolewa anajibu kwa sauti. Jambo hili si geni katika mji wetu. Katika hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na Daktari Jo Lusi na mke wake Lyn, ma mama waliokuwa wakingoja kupasuliwa walifundishwa kushona na kazi nyingine za mikono, ili siku za kungoja zisiwe za kulia tu. Mama Lyn alifariki mwaka 2012, wengine wetu tulikuwa watoto wachanga, lakini wazazi wetu wanamkumbuka.

Kuhusu wakati: mimi ni wa sita, mtihani wa Serikali uko mbele yangu kama ulivyo mbele ya wote. Jumatano tunakaa muda wa saa moja na nusu, kisha kila mtu anakwenda etidi. Nafuma pia katika foleni ya maji, ambapo hakuna mtu aliyewahi kusoma kemia.

Sasa neno la mwisho kwa mwenzangu, na hili si la mashindano. Wiki iliyopita nilimwuliza Mama Muganga kile tulichopaswa kumwuliza tangu mwanzo: kitu gani kinakosa zaidi? Kofia, alisema, kwa sasa zinatosha mpaka mwisho wa mwezi, msilete nyingi. Kinachokosa ni vitenge vya kufungia mtoto kifuani. Ma mama wengine wanafika na kile kimoja tu walichovaa, na kikilowa hawana cha kubadilisha. Kitenge hatuwezi kukifuma kwa reyoni. Kitenge kinanunuliwa. Basi zile franga ulizosema tuchange, tuzichange kweli, na wewe ndugu uwe mweka hazina wake, mimi nitakuwa wa kwanza kutoa. Twende Birere pamoja Jumamosi, maana nasikia unajua kubishana bei.

Na Jumatano, kama ukitaka kupita nyuma ya kanisa kuona aibu ya shule kwa karibu, reyoni mbili nimekuwekea. Ncha zimekwisha kusuguliwa.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita